Udugu Haukodishwi kwa Mwezi

Yako maneno mawili yanayosemwa siku hizi juu ya kijana aliyeacha kazi ya kampuni, na yote mawili si ya kweli. La kwanza husemwa hapa kwetu Ifakara, vibarazani na hata katika safu ya kwanza ya msikiti: kwamba kijana aliyeuacha mshahara wa Dar es Salaam akarudi kwao, basi huyo ama amefukuzwa, ama ameiba, ama amerogwa. La pili husemwa na wenye kukodisha viti mijini: kwamba kijana huyo huyo, akilipa ada ya mwezi, atapewa meza, umeme, intaneti, na juu ya hayo atapewa jumuiya. La kwanza ni uwongo wa wazee, na la pili ni uwongo wa wafanyabiashara. Nitayajibu yote mawili, nami naanza na la wazee kwa sababu ni mmoja wao, na kosa hilo nimelitenda kwa ulimi wangu.

Yupo kijana aliyehitimu Msahafu kwangu, akaenda shule, akasomea hesabu za biashara, akaajiriwa na kampuni kubwa mjini. Alikaa huko miaka minane. Tulimsifu. Kila alipokuja Idd alikuja na viatu vyeusi na zawadi za mama yake, na sisi tukiwaambia watoto wa madrasa, mwoneni kaka yenu. Hatukumwuliza hata siku moja anakula na nani. Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba mwaka wake wa mwisho aliugua siku nne katika chumba chake cha kupanga, na siku ya tano akaletewa ujumbe kwenye simu ukimtaka aeleze kwa maandishi sababu ya kutofika na aambatanishe cheti cha daktari. Katika siku zote hizo hakuna aliyebisha hodi. Jina la kampuni silitaji, na wala halina haja, kwani msomaji aliyewahi kuajiriwa ataweka jina alitakalo.

Akaacha kazi. Barua yake ya kuacha nimeiona, na ya mwajiri ya kumshukuru nimeiona. Hakufukuzwa. Lakini huku kwetu mtu aliyeacha mshahara kwa hiari yake hasadikiwi. Nenda kamwulize mzee yeyote wa bonde hili aliyeona mashirika ya umma yakipunguza wafanyakazi miaka ile ya 1990, atakwambia kuwa kazi huacha mtu, mtu haachi kazi. Basi kijana alipoonekana nyumbani mwezi wa kwanza, watu wakasema likizo. Mwezi wa tatu wakaanza kushusha sauti alipopita.

Na kumbe kazi anayo. Anawaandikia hesabu wafanyabiashara wa mchele wa hapa na maduka mawili ya Dar es Salaam, kwa kompyuta yake ndogo, na wanamlipa. Riziki ilikuwapo, ila watu hawakuwapo. Alikuwa akikaa katika chumba cha nyuma cha mama yake tangu asubuhi hadi Magharibi, mlango umefungwa kwa ajili ya kuku na watoto. Mama yake akanijia akasema, "Shehe, mwanangu hatoki. Nampa chakula, anakula, anashukuru, lakini hatoki."

Siku moja baada ya Adhuhuri nilimkuta kijana huyo kwenye ukumbi wa msikiti, amekaa na kompyuta yake mapajani. Wapo wazee wawili walikuwa wamelala karibu naye, na mmoja akiuza kashata zake kwa chini chini kama afanyavyo kila siku. Hao sikuwaambia kitu. Nilimwendea yeye nikamwambia, "Mwanangu, hapa si ofisini." Akasema, "Naam, Shehe," akafunga, akaondoka. Nami nikajiona nimeuhifadhi msikiti.

Ndugu msomaji, hukumu niliyoitoa ilikuwa na dalili zake katika vitabu, kwani kuuza na kununua ndani ya msikiti kumekatazwa. Lakini kijana hakuwa akiuza. Alikuwa ametafuta mahali ambapo mtu mwingine anapumua karibu yake. Mwuza kashata nilimwacha na mwenye upweke nikamfukuza.

Aliyempokea ni mashine ya kukoboa mpunga. Asiyeijua Ifakara na aelewe kwamba mashine hapa si chombo tu, ni mahali. Mpunga wa Mngeta, wa Mbingu, wa Idete na wa ng'ambo ya mto huteremshwa hapo. Mwenye mali hulala juu ya magunia yake akingoja zamu au akingoja bei. Mpunga huanikwa juu ya maturubai. Kina mama hupepeta na kuchambua. Pumba hurundikwa nyuma. Ubavuni mwa mashine moja pana chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Ndani yake alikuwapo binti mmoja fundi cherehani na fundi simu mmoja. Kijana alikwenda kutengenezesha waya wa kompyuta yake, akachelewa, kesho yake akarudi bila waya kuharibika. Sasa wako watano: yeye, hao mafundi wawili, mwalimu mstaafu anayewaandalia watoto mitihani ya majaribio, na bwana mmoja wa mbegu na dawa za mashamba. Kila mtu ana kazi yake na mteja wake. Umeme wa Luku wanachanga. Intaneti ni ya kijana, na wengine humlipa kwa chai.

Nilikwenda kumtazama, kusema kweli kwa kumpeleleza. Nilikaa kwenye benchi la wateja asubuhi nzima. Hawakuzungumza sana. Mashine ikinguruma huwezi kuzungumza. Lakini ilipokaribia saa nne binti wa cherehani aliinua kichwa akatazama kiti cha fundi simu, kilikuwa kitupu, akasema, "Huyu leo vipi?" Akapigiwa simu, haikupokewa. Mwalimu mstaafu akachukua baiskeli akaenda. Fundi alikuwa na homa kali, peke yake, na adhuhuri hiyo alikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko akiwekewa dripu, huku bwana wa mbegu akiwahudumia wateja wake wa simu kwa kadiri ya ujinga wake.

Kijana alinitazama, hakusema neno. Siku nne na ujumbe wa simu upande mmoja. Saa mbili na baiskeli upande wa pili.

Sasa atakuja mtu aseme kwamba jambo hili ni geni, limetoka Ulaya. Mimi namwambia hivyo atakuwa halijui bonde lake. Wenyeji wa Kilombero, Wandamba na wenzao, tangu zamani msimu wa mpunga ulipofika walihamia bondeni na jamaa zao, na kila mwenye shamba alijenga dungu lake juu ya miti, ili ajinusuru na maji na alinde mpunga na ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Kila mtu alilinda chake. Shamba halikuwa la ushirika, wala mavuno hayakugawanywa. Lakini usiku mmoja hupiga debe, wa pili akaitika, wa tatu akaitika, mpaka sauti ikafika mwisho wa mashamba. Dungu lisiloitika, watu walikwenda kulitazama. Hiyo ndiyo kazi ya kila mtu kwa mali yake na kila mtu kwa sikio la mwenzake, na babu zetu hawakuwa wamekwenda Ulaya.

Wala si mashamba tu. Reli ya TAZARA ilipojengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, vijana wa kila kabila waliingia bonde hili wakiwa waajiriwa. Baadaye kazi zilipopungua, wapo waliobaki pale pale njiani, Mang'ula, Mlimba na vituo vilivyo katikati, wakalima mpunga na migomba na kuuza ndizi kwa treni. Niliwauliza wachache niliowajua kwa nini hawakurudi makwao. Nilidhani watataja rutuba. Walitaja wenzao wa genge. Mmoja aliniambia, "Kule kwetu nina ndugu, lakini hapa nina watu waliobeba taruma pamoja nami." Mzee huyo, aliyekuja toka mbali, mashamba yake yalipakana na ya wenzake wawili wa genge lile lile, na alipokufa ndio waliomchimbia kaburi.

Hata kivuko cha mto kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018 kilikuwa na watu wake: mtu akikwama ng'ambo siku mbili alirudi na shemeji. Lakini sililii kivuko. Kiliua watu, na daraja ni neema.

Nageukia sasa wafanyabiashara wa viti. Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, mwaka 2005, kijana mmoja mtengeneza programu, Brad Neuberg, aliona kwamba ukiajiriwa una wenzako lakini huna uhuru, na ukijitegemea una uhuru lakini huna wenzako. Akatafuta ukumbi, akapanga meza, akawaalika watu waje kila mtu na kazi yake. Inasimuliwa kuwa mwanzoni siku zilipita bila ya mtu kuja. Huyo simlaumu. Angezaliwa Ifakara angepanda dungu. Hapa Afrika ya Mashariki, mwaka 2010, ilifunguliwa iHub mjini Nairobi, na Dar es Salaam ikapata Buni katika jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama. Humo vijana wengi walipata mahali pa kukaa na wa kumwuliza swali. Hilo nalo ni jema.

Lakini tazama lilipofika mikononi mwa matajiri. Mwaka huo huo wa 2010 ilianzishwa New York kampuni iitwayo WeWork, ambayo jina lake lenyewe limeanza na neno "sisi". Ilikodi majengo kwa miaka mingi kwa bei moja, ikayakatakata, ikayakodisha kiti kiti kwa bei nyingine, na katikati ikauza hilo "sisi". Ilisema haiuzi nafasi, inauza jumuiya. Mwanzoni mwa mwaka 2019 ilithaminiwa kwa dola bilioni 47. Mwaka huo huo ilitaka kuuza hisa zake kwa watu wote, vitabu vyake vikatazamwa, ikashindikana, na mwanzilishi wake akaondoka. Mwezi Novemba 2023 iliomba mahakamani kinga ya waliofilisika. Je, wale "sisi" walikwenda wapi? Hawakwenda popote, kwa kuwa hawakuwapo. Walikuwapo wapangaji.

Nimewasikia wanaosema, Shehe, huku mijini kwetu viti hivyo ni nafuu na vinasaidia. Sikatai. Kukodi kiti ni halali kama kukodi baiskeli. Ninachokikataa ni kumwambia mtu mpweke kwamba alichonunua ni ndugu. Kipimo changu ni kimoja na kilipatikana kwenye benchi la mashine: mwezi ambao hukulipa ada, je, yupo atakayekuja kutazama kama u hai, au patakuja mwingine kukalia kiti? Mwenye nyumba anayefunga hesabu yako siku ya kwanza ya mwezi hajakukosea. Ila asijiite jamaa yako.

Na wala udugu hauletwi kwa filimbi. Sisi wenye umri huu tunaikumbuka Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, watu walivyohamishwa kukaa pamoja, wengine wakaona nyumba zao za zamani zikibomolewa nyuma yao. Nia ilisemwa kuwa njema, na shule na zahanati zilizopatikana sizikanushi. Lakini mtu aliyewekwa jirani nawe kwa amri huchukua muda mrefu kukusamehe ujirani huo. Serikali haikuweza, na tajiri hakuweza. Wanaobaki ni sisi, na sisi tunataka kuweka kreti za soda.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na wajumbe wa kamati yetu wanisamehe kwa kuyatoa hadharani. Msikiti wetu una chumba kinachoelekea barabarani. Ni wakfu. Marehemu mama aliyekitoa alisema mbele yangu, na mbele ya shahidi mwingine ambaye naye ametangulia, kuwa ni kwa ajili ya "watoto wasome". Kilikuwa madrasa mpaka tulipojenga madarasa mapya nyuma, na tangu hapo ni kitupu. Amekuja mfanyabiashara anataka kukipanga kiwe ghala ya soda, na kodi aliyotaja ni nzuri. Mwenye ile mashine naye anataka stoo yake, na wale watano wamepewa mpaka mwisho wa mavuno watoke. Mimi nimeomba chumba cha wakfu wapewe wao, walipe umeme na matengenezo, na jioni baada ya Alasiri kila mmoja afundishe watoto wa madrasa kazi yake: cherehani, hesabu, kutengeneza simu, mbegu. Kamati imegawanyika.

Wanaopinga wana hoja, na si watu wabaya. Wanasema paa linavuja. Ni kweli linavuja, nami ndiye ninayesalisha chini yake. Kukodisha mali ya wakfu si haramu, na sitamzulia mtu haramu ili nishinde. Lakini sharti la mtoaji lina uzito wake. Mjumbe mmoja aliniambia, "Shehe, kushona si kusoma." Nikamwambia, na soda je? Akacheka, ila kura yake hakubadili.

Wanasema pana binti kati ya wanaume. Nami nasema binti huyo amekaa na cherehani yake mlangoni, mlango u wazi kwa barabara kuu tangu asubuhi, na mimi ninafundisha ukuta wa pili. Aliye na wasiwasi aje akae benchi kama nilivyokaa. Asiyekuwa na nafasi ya kuja asiwe na nafasi ya kudhani.

Wanasema, na hili ndilo lililoniuma, kwamba wawili katika watano si Waislamu. Ndugu zangu, ile hospitali aliyolazwa fundi simu ilijengwa na Wakatoliki. Nyote mmetibiwa humo. Wake zenu wamejifungulia humo. Ni nani kati yenu aliyeulizwa dini yake kwanza ndipo akapewa kitanda? Tumepokea vitanda miaka yote hii, na leo tunabania viti viwili.

Mnapenda kusimulia kisa cha Abdurrahman bin Auf (r.a.), nami nimekisimulia mara nyingi, na naona tumekisimulia nusu. Alifika Madina ameacha mali yake yote Makka. Mtume (s.a.w.) akamwunganisha udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina, tajiri. Saad akamwambia, chukua nusu ya mali yangu. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaenda kuuza samli na jibini. Tunalisimulia hilo kuwaambia vijana, tazameni, hakuomba, alijitegemea, nanyi jitegemeeni! Tunamsahau Saad. Abdurrahman alikwenda sokoni akitokea mlangoni kwa mtu aliyekwisha kumwambia, nusu ya changu ni chako. Ni mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kutembea sokoni kifua mbele. Vijana wetu tunawadai ujasiri wa Abdurrahman nasi hatuna hata mmoja aliye tayari kuwa Saad kwa chumba kisichotumika.

Na juu ya soko lenyewe, imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba masoko yawe kwa desturi ya misikiti: aliyetangulia mahali ni pake mpaka ainuke. Fikirini waliotuachia kipimo hicho. Waliona mahali pa kazi na mahali pa sala panaweza kuwa na adabu moja, mtu akae bila ya kununua nafasi, amwachie mwenzake bila ya kugombana. Sisi tumefika mahali ambapo sokoni kila hatua ni ushuru, na msikitini kijana anaambiwa hapa si ofisini.

Nimemwomba radhi. Nilimfuata kwenye mashine, na kwa kuwa mashine ilikuwa ikinguruma ilinibidi nimwombe kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia, pamoja na wapepeta mchele, ambao tangu siku hiyo hunitania. Yeye alisimama, akanipa kiti chake, akakaa juu ya gunia, akaendelea na hesabu zake. Nilikaa hapo mpaka Alasiri nikisahihisha mbao za watoto.

Kikao cha kamati ni Ijumaa ijayo baada ya sala ya Alasiri. Mfanyabiashara wa soda ameambiwa aje na fedha za miezi sita. Na aje. Ufunguo wa chumba uko kwangu tangu siku mama yule aliponikabidhi, na Ijumaa asubuhi nitakifungua ili kifagiliwe.